Niliacha ugali nikabaki na mlenda: je, tunaotaka kupungua tunakula vya kutosha?

DadaWaIlazo (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu wote.

Ninaishi Ilazo hapa Dodoma na ninafanya kazi ya ofisini kule Mtumba. Nina miaka 38, urefu wangu ni sentimita 162, na mwezi wa pili mwaka jana mizani ilisoma kilo 86. Nilihamia huku kutoka Dar es Salaam pamoja na ofisi, na kama wenzangu wengi niliohama nao, nilinenepa baada ya kuhama, kwa kuwa siku yangu iligeuka kuwa basi la wafanyakazi asubuhi, kiti mchana kutwa, na basi tena jioni. Daktari alinipima kiuno na presha, akanishauri kwa upole nipunguze uzito mapema. Nilirudi nyumbani nikafanya kile ambacho naamini wengi wetu hukifanya: niliacha ugali.

Naomba nieleze vizuri maana ya maneno hayo, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nianzishe uzi huu. Sahani yangu ya usiku, kama ilivyo katika nyumba nyingi za huku, ilikuwa ugali mkubwa, mlenda kidogo wa kuutelezesha, na vipande viwili vya nyama katika zile siku ambazo mshahara bado haujapoa. Ugali ndio uliokuwa chakula, na vingine vyote vilikuwa vya kuusindikiza. Nilipouondoa sikuweka kitu mahali pake. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi isiyo na sukari, mchana nikala mchicha na tango, usiku nikala yai moja la kuchemsha na ule mlenda, na nilijiona mtu mwenye nidhamu kubwa.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu. Nilifurahi kiasi cha kuwaonyesha wenzangu ofisini picha ya mizani. Kufikia mwisho wa mwezi wa nne nilikuwa nimefika kilo 79, na kuanzia hapo mizani ikagoma. Nilikuwa ninavaa sweta ofisini wakati wenzangu wanalalamikia joto. Mwezi wa tano nywele zilianza kutoka kwa mafungu kila nilipochana. Siku moja nikiwa nimesimama kwenye basi kurudi nyumbani, macho yalifunga giza na nikajikuta nimekalishwa sakafuni, abiria mmoja akinipepea kwa daftari. Hospitalini walinipima wingi wa damu na kukuta 9.8, ambacho kwa mwanamke ni kiwango cha chini.

Hata hivyo, kilichonivunja ni usiku. Mara kwa mara niliamka saa tano watoto wakiwa wamelala, nikaenda jikoni bila kuwasha taa, kana kwamba ninaiba katika nyumba yangu mwenyewe, nikala karanga za kukaanga kwa viganja, kisha ukoko uliobaki sufuriani, kisha karanga tena. Asubuhi nilijilaumu na kujiadhibu kwa chai tupu, na usiku uliofuata nikarudi kulekule. Nilidhani nina udhaifu wa tabia. Haikunijia hata siku moja kwamba nilikuwa na njaa tu. Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa na kilo 88, yaani mbili zaidi ya nilizoanza nazo.

Mwezi wa kumi, kwa ushauri wa afisa lishe niliyekutana naye kliniki, nilianza upya kwa kanuni ambayo mwanzoni niliiona kichekesho: niongeze mboga kwanza, ugali niupunguze baadaye. Kwa mboga simaanishi majani peke yake, bali kila kinacholiwa na ugali, kwa maana ileile ya jikoni kwetu: maharage, choroko, dagaa, kuku, mayai na hayo majani yenyewe. Kwa wiki mbili za kwanza sikupunguza tonge hata moja, na bado ugali ulianza kubaki sahanini wenyewe kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Sasa ninakula ugali wa ukubwa wa ngumi yangu mchana na usiku, ninakunywa uji wa uwele wenye maziwa au kula mayai mawili asubuhi, na leo, miezi mitano baadaye, mizani inasoma kilo 82. Ni mwendo wa kinyonga, nakiri, lakini sijaingia jikoni gizani tangu mwezi wa kumi na moja.

Ningependa kusikia kutoka kwenu. Je, mlipojaribu kupungua mlijuaje kwamba mnachokula kinatosha? Na je, wataalamu mliomo humu mnaweza kutueleza kwa nini kula kidogo mno kuliniharibia mambo, wakati akili ya kawaida inasema kadiri unavyokula kidogo ndivyo utakavyopungua zaidi?

MlishiWaKati

Dada, nashukuru kwa uwazi wako. Mimi ni afisa lishe katika mojawapo ya halmashauri za kanda hii, na hapa naandika kama mtu binafsi.

Nianze na hesabu, kwa kuwa umetupa vipimo. Kanuni tunayoitumia sana, iliyotolewa na Mifflin na wenzake mwaka 1990, inachukua uzito kwa kilo na kuuzidisha kwa 10, inajumlisha urefu kwa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, inatoa umri uliozidishwa kwa 5, na kwa mwanamke inatoa tena 161. Kwa kilo 86, sentimita 162 na miaka 38, jibu ni takriban kilokalori 1,520 kwa siku (kilokalori ni kipimo cha nguvu ya chakula). Hicho ndicho ambacho mwili wako ungekitumia hata kama ungelala kitandani kutwa, kwa kuendesha moyo, mapafu, ini, figo na ubongo. Ukiongeza kutembea, kufua na kukimbizana na watoto, unafika kama 2,000. Mtu wa vipimo vyako akipunguza 400 au 500 kutoka hapo, anabaki na 1,500 hadi 1,600, na hapo atapungua kwa utulivu. Chai ya rangi, mchicha, tango, yai moja na mlenda, hata nikikadiria kwa ukarimu, sioni vikifika 600. Kwa kawaida hatumruhusu mwanamke kushuka chini ya 1,200 wala mwanamume chini ya 1,500 bila kusimamiwa na daktari, na wewe ulikuwa nusu ya kiwango hicho ukiwa peke yako.

Zile kilo tatu za wiki ya kwanza zilikudanganya, kama zinavyowadanganya wengi. Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa njia ya mkojo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo ili upoteze kilo tatu za mafuta kwa siku saba ungepaswa kupungukiwa na zaidi ya 3,000 kila siku, wakati matumizi yako yote ni 2,000. Haiwezekani.

Kuna usemi unaozunguka sana kwamba ukila kidogo mno mwili "unajifunga" na hupungui tena kabisa. Huo si wa kweli kwa jinsi unavyosemwa, maana watu wanaokosa chakula kweli huendelea kukonda hadi hatari. Kinachotokea ni kwamba mwili unabana matumizi: unapoa, unajongea kidogo bila wewe kujua, unakaa pale ambapo ungesimama, na unatuma homoni za njaa kwa nguvu zaidi huku ile ya kushiba inayotoka kwenye mafuta, leptini, ikishuka. Ongeza karanga za saa tano usiku, ambazo kwa gramu 100 zina kilokalori zaidi ya 550, na utaona mizani iligoma kwa sababu gani. Mchana ulikuwa unajinyima, na usiku mwili ulikuwa unadai deni lake.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kati ya 1944 na 1945, chini ya Ancel Keys. Vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, walipewa takriban kilokalori 1,570 kwa siku kwa majuma 24 huku wakitembea maili nyingi kila juma. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Walisikia baridi wakati wote, wakawa wakali na wenye huzuni, na fikra zao zikatawaliwa na chakula kiasi kwamba baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula wasishibe. Hawakuwa watu dhaifu wa tabia, dada, na wewe pia hukuwa.

Kuhusu nywele, ukosefu wa chakula huzisukuma nyingi kwa pamoja katika hatua ya kupumzika, na baada ya miezi miwili au mitatu zinaanguka. Ndiyo maana ulianza mwezi wa pili na zikatoka mwezi wa tano. Upungufu wa damu ni suala la madini chuma, na kwako nadhani hedhi ilichangia pia. Kupungua kwa kasi kubwa kunaweza vilevile kuleta vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, jambo ambalo watu hawalitarajii kabisa.

Sasa nije kwenye ile kanuni ya mboga kwanza, ambayo ninaiunga mkono. Mtu anayepungua huhitaji protini zaidi kuliko mtu wa kawaida, kwa sababu bila hiyo mwili unakula misuli yake pamoja na mafuta. Tunashauri gramu 1.2 au zaidi kidogo kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Ukilenga kilo 70, ni takriban gramu 84 kwa siku. Watu husikia namba hiyo wakafikiri ni mambo ya wenye fedha na unga wa makopo. Tazameni: mayai mawili yana gramu 12; kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15; kipande cha kuku wa kienyeji cha gramu 100 baada ya kupikwa, takriban 27; kiganja cha dagaa wakavu, gramu 30 hivi, 15 au zaidi; glasi ya maziwa ya mgando, 8. Hapo tayari tuko karibu 77, na ule unga wa uwele wenyewe utaleta zilizobaki.

Neno la mwisho kuhusu uwele, kwa kuwa nasikia kila siku kwamba "ugali wa uwele haunenepeshi". Gramu 100 za unga wa uwele, wa mtama au wa mahindi zina nguvu inayokaribiana sana, takriban kilokalori 350 hadi 380. Tofauti iko kwenye nyuzinyuzi na madini: uwele usiokobolewa unakaa tumboni muda mrefu na una madini chuma mengi kuliko sembe. Nao unanenepesha ukizidi. Mkila vyakula vyenye madini chuma, chai ikae mbali kwa saa moja hivi, na ubuyu mweupe usiopakwa sukari utawasaidia kuyafyonza kwa sababu una vitamini C.

MzeeWaChamwino

Mbukwenyi wanajukwaa.

Nimesoma hadi mwisho, ingawa macho yangu hayapendi tena maandishi ya simu. Mimi ni Mgogo wa hapa Chamwino, na naomba mniruhusu nitofautiane kidogo na vijana kabla ya kukubaliana nao. Tulikua tukila ugali wa uwele uliosimama kama kichuguu, na katika kijiji kizima ungeweza kuwahesabu wenye vitambi kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo ninaposikia mtu ameacha ugali ili apungue, huwa najiuliza ni nani aliyeusingizia. Tulikuwa tunatembea na ng'ombe tangu alfajiri, tunalima kwa jembe la mkono, na mlo mkubwa ulikuwa mmoja. Ugali ulikuwa na kazi ya kufanya. Siku hizi unatumwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Lakini kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Babu yangu alikuwa kijana wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya vita vya wazungu yalipochukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Alituambia kwamba walioiona Mtunya hawakuweza tena kupita karibu na ghala bila kulichungulia, hata miaka ambayo lilikuwa limejaa. Mke wake alificha chakula hadi alipozeeka. Nilikuwa naona ni vituko vya wazee. Nimemsoma dada anayeingia jikoni gizani akala karanga kwa viganja, nikamkumbuka bibi yangu. Huku kwetu kukonda lilikuwa jambo la kuogopwa, halikuwa jambo la kutafutwa, na mwili haujui kusoma. Hauwezi kutofautisha njaa ya kujitakia na ile iliyoletwa na ukame.

Mpunguze, sikatai. Mimi mwenyewe daktari ameniambia nipunguze. Ila msijifanyie Mtunya ndani ya nyumba yenye unga.

DadaWaIlazo

Shikamoo mzee wangu. Nimekaa kimya kwa muda baada ya kusoma maneno yako. Sikuwa nimewahi kuliangalia jambo langu kwa jicho hilo, na nimempigia simu mama yangu kumuuliza kama kwao Kongwa walisimuliwa habari za Mtunya. Amesema ndiyo, na amesema pia kwamba ndiyo sababu mama yake hakuwahi kukubali mtu aache chakula sahanini.

AfyaBoraDuka

Dada, unajitesa bure na mahesabu. Kuna chai ya majani ya asili ambayo ndani ya siku kumi inaondoa tumbo lote bila kubadilisha chakula. Anayeihitaji anifuate pembeni.

MlishiWaKati

Ndugu, nitajibu hadharani kwa sababu wanaoulizia chai hizi ni wengi. Nyingi kati yake zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshafyonzwa zamani kwenye utumbo mwembamba. Anayeinywa anapoteza maji, chumvi na kinyesi, mizani inashuka, na mafuta yake yanabaki palepale. Akizidisha, anaweza kupoteza potasiamu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Naomba wasimamizi wa jukwaa waangalie tangazo hilo.

MamaLisheMtumba

Habari zenu. Mimi ndiye ninayewalisha hao wa ofisini mnaowazungumzia, kwa hiyo naomba nami nisikilizwe.

Kila mwanzo wa mwaka, na tena baada ya Pasaka, wateja wangu wanabadilika. Anakuja mtu mzima, mkubwa wa idara, anasema, "Mama, leo niwekee kabichi tu, niko kwenye dayeti." Namwekea. Saa kumi kasoro ananitumia kijana wake amchukulie maandazi manne na soda. Huyu angekula sahani yangu ya kawaida pale saa saba, ingekuwa nafuu kwake. Sijasomea lishe, lakini nimewaona wengi mno wa namna hiyo kwa miaka sita niliyokaa hapa.

Nataka pia mjue upande wa sufuria. Mtu anaposema "ugali kidogo, mboga nyingi" anadhani ananipunguzia gharama, kumbe ananiongezea. Unga ndio ulio rahisi. Kilicho ghali ni nyama, dagaa, mafuta na hata maharage siku hizi. Kwa hiyo nimepanga hivi: anayetaka kipimo cha mboga mara mbili na nusu ya ugali, ninamwekea maharage au choroko, simwekei nyama, na bei inabaki ileile. Wameanza kuzoea. Afisa wetu wa lishe atanisahihisha, lakini naona choroko inawashibisha hadi jioni kuliko ile kabichi.

Jambo jingine ambalo mnalisahau ni mafuta. Nilikuwa ninaunga maharage kwa mkono, yaani ninamimina tu kutoka kwenye dumu, na kwa kuwa huku alizeti ni ya kwetu, mkono haukuwa mwepesi. Siku mteja mmoja aliponiomba nipime kwa kijiko, nilishtuka mwenyewe.

MlishiWaKati

Mama, sina la kukusahihisha. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kilokalori 120, yawe ya alizeti au ya pamba, na vijiko vitatu vinavyoingia kwenye sahani moja bila kuonekana vinakaribia ule ugali wenyewe ambao mteja wako ameukataa. Chapati iliyonyonya mafuta inaweza kubeba 250 na zaidi, na ile supu na chapati mbili za saa nne asubuhi ni mlo kamili ambao watu wetu wanauhesabu kama kitafunwa. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na kama 140, zote za sukari, na haishibishi. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuondoa kwa mtu wa ofisini, nitaanza na soda, nitafuata mafuta yanayomiminwa bila kipimo, na ugali utakuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha yangu.

KijanaWaMpwapwa

Naomba kuuliza kwa heshima. Mama yangu ana miaka 61 na ana kisukari. Anameza glibenklamidi asubuhi na jioni. Kliniki walimwambia apunguze uzito, naye ameamua kuruka chakula cha usiku kabisa. Juzi alfajiri tulimkuta ametota jasho, anatetemeka na anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani alisema ni malaria. Je, inaweza kuwa ni hiki mnachokizungumza?

MlishiWaKati

Kijana wangu, hili ni la haraka kuliko mengine yote kwenye uzi huu. Dawa hiyo inalazimisha kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari ya damu, awe amekula au hajala. Akimeza dozi ya jioni kisha asile, sukari inaweza kushuka usiku hadi kiwango cha hatari, na dalili ulizozitaja ndizo zenyewe. Ikitokea tena naye yuko macho na anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, msubiri dakika 15, mpimeni kama mna kipimo, na rudieni kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa amezimia msimpe chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Hata akipata nafuu, kesho mpelekeni kliniki na mueleze kwamba anaruka mlo, kwa sababu anayepunguza chakula anahitaji dozi yake iangaliwe upya na daktari. Asile kidogo kwa siri. Hilo linawahusu pia wanaotumia insulini, na kwa namna nyingine wajawazito na wanaonyonyesha: mama anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 zaidi, na huo si wakati wa kujinyima.

KijanaWaMpwapwa

Asante sana. Nimempigia dada yangu aliye naye, amempa uji sasa hivi. Kesho asubuhi tunakwenda.

MwanafunziChimwaga

Mimi niko chuoni hapa Dodoma na bajeti yangu ya chakula ni ya mkopo, kwa hiyo kuku wa kienyeji naomba tuwaache wazunguke Singida. Ninafunga kwa saa kumi na sita: ninakula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Nimepungua kilo nne kwa miezi mitatu, na ninafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki. Wengine wananiambia ninajiharibu. Je, ni kweli?

MlishiWaKati

Sioni unajiharibu, ikiwa ndani ya hayo masaa unakula chakula cha siku nzima. Kufunga kwa namna hiyo hakuna muujiza. Wengi wanapungua kwa sababu wamekosa nafasi ya kula chipsi za usiku. Anayefunga hadi saa sita kisha akala kwa hasira hadi saa mbili hatapungua. Vyuma endelea navyo, vinausaidia mwili uache misuli yake mahali pake. Kuhusu bajeti, nunua dagaa na maharage kwa kilo sokoni Majengo au Sabasaba, uache vile vya kupimiwa kwenye vikopo hosteli, na mayai kwa trei mkichangia na mwenzako. Soya iliyokaangwa na kusagwa ukaichanganya kwenye uji ni protini ya bei ya chini sana, mradi iive vizuri.

DadaWaIlazo

Ninarudi baada ya wiki tatu kwa kuwa baadhi yenu mmeniuliza pembeni ninaendeleaje.

Mizani inasoma kilo 81.4. Zamani ningelia kwa kupungua gramu 600 kwa wiki tatu. Damu imepanda hadi 12.1, nimehamisha chai yangu hadi saa nne, na nywele fupifupi zimeanza kusimama kwenye paji la uso kama za mtoto. Nilikwenda mnada wa Msalato na familia nikala nyama choma na ndizi mbili, sikufidia kwa kushinda njaa siku iliyofuata, na nadhani hilo ndilo badiliko kubwa kuliko namba yoyote niliyoandika hapa.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na msiba, nilirudi nimechelewa na nilikuwa nimekula kidogo. Niliamka saa tano usiku kama zamani. Nikaenda jikoni, nikawasha taa, nikapasha moto nusu bakuli la maharage, nikakaa mezani nikayala kwa kijiko. Binti yangu alitoka chumbani akaniuliza, "Mama, unakula?" Nikamwambia ndiyo, nina njaa. Akavuta kiti akala nami.

Mama lishe, kumbe tunapita kwako kila siku bila kujuana. Jumatatu nitakuja na wenzangu wanne. Naomba ututengee choroko, ugali nusu kila mmoja, na mafuta kwa kijiko.